Mabao ya Warundi: Kombe la Shirikisho Tanzania, Msimu wa 2015/16

Kombe la Shirikisho la Tanzania, wakati huo likibeba jina la Azam Sports, ambalo mashabiki wengi hulitaja kwa kifupi kama Kombe la FA, lilianza kuchezwa Tanzania msimu wa 2015/16. Halikuwa wazo jipya. Katika miaka ya 1970 nchi ilikuwa na Kombe la Nyerere, na baadaye yakafuata mashindano mengine ya mtoano chini ya chama cha soka, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 yote yalikuwa yamezimika. Kwa zaidi ya miaka kumi mpira wa Tanzania Bara ukabaki na Ligi Kuu peke yake kama taji lenye uzito.

Pengo hilo lilikuwa na athari iliyoonekana Afrika nzima. Mwaka 2004 Shirikisho la Soka Afrika liliunganisha Kombe la Washindi na Kombe la CAF, likapata Kombe la Shirikisho Afrika, na nafasi za michuano hiyo kwa kawaida huenda kwa mabingwa wa vikombe vya mtoano. Tanzania haikuwa na bingwa wa namna hiyo, hivyo ilipeleka mshindi wa pili wa ligi. Azam FC ilikwenda mwaka 2013 na 2014, Yanga ikaenda 2015, Azam ikarudi tena 2016. Klabu ya daraja la chini au ya mkoani isiyo na fedha za kuhimili msimu mrefu haikuwa na njia yoyote ya kufika huko.

Burundi, jirani mdogo, ilikuwa imeshaonyesha thamani ya njia hiyo. Mwaka 1992 Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika. Ilitoka sare ya bao 1-1 nyumbani na Africa Sports ya Ivory Coast, kisha ikafungwa 4-0 Abidjan. Vital'O hiyo hiyo ilitwaa Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2013 huko Darfur, Sudan, kwa kuifunga APR ya Rwanda 2-0, na mshambuliaji wake Amissi Tambwe akawa mfungaji bora wa mashindano. Simba ikamsajili mara moja. Msimu wake wa kwanza Dar es Salaam aliongoza wafungaji wa Ligi Kuu kwa mabao 19, na Desemba 2014 akavuka upande wa pili, akavaa jezi ya Yanga. Mrundi mwenzake Didier Kavumbagu alikuwa ametangulia kufika: alitoka Atletico ya Bujumbura kwenda Yanga mwaka 2012, halafu akahamia Azam mwaka 2014. Wachezaji wa Burundi kufuata ujira Tanzania ni desturi iliyokwisha kukomaa. Lugha si kikwazo, na mpaka ni wa karibu: anayetoka Gitega kupitia Muyinga hufika Kobero, na ng'ambo yake ni Kabanga, wilayani Ngara.

Kombe lilipofufuliwa, milango ilifunguliwa kwa timu za Ligi Kuu, Daraja la Kwanza na Daraja la Pili, na hapo ndipo utamu wake ulipoanzia. Azam ililazimika kwenda Moshi kuitoa Panone. Yanga ilipata upinzani wa kweli kutoka JKT Mlale na ikapita kwa 2-1 tu. Simba haikusumbuka, iliifunga Singida United 5-1. Geita Gold ya Daraja la Kwanza ilifika robo fainali, ikatolewa na Mwadui, timu ya mgodi wa almasi wa Shinyanga. Muda mfupi baadaye Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) liliziadhibu timu nne za Kundi C la Daraja la Kwanza, Geita ikiwamo, kwa upangaji wa matokeo katika mechi za mwisho za ligi yao. Adhabu hiyo iliipandisha Mbao FC ya Mwanza, na mwaka uliofuata Mbao hao hao wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho.

Simulizi kubwa zaidi ya msimu ilikuwa ya Coastal Union. Kwenye ligi Wagosi wa Kaya walikuwa taabani. Mwisho wa msimu timu zote tatu za Tanga, yaani Coastal Union, African Sports na JKT Mgambo, zilishuka daraja kwa pamoja, pigo ambalo mkoa huo wenye historia ndefu ya soka haukuwahi kulitarajia. Lakini Aprili 2016 Coastal waliingia Uwanja wa Taifa na kuitoa Simba kwa 2-1 katika robo fainali. Hii ndiyo kazi ya kombe la mtoano: timu inayozama kwenye ligi hupewa dakika 90 za kuanza upya.

Nusu fainali zote mbili zilichezwa mikoani Aprili 24. Shinyanga, Mwadui na Azam zilitoka 2-2 na Azam ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Tanga mambo yaliharibika. Coastal walitangulia kufunga, Yanga wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza Tambwe akaipa Yanga bao la pili ambalo wenyeji walilipinga vikali. Mashabiki wakarusha mawe, mshika kibendera akaumia, mwamuzi akavunja pambano. TFF iliipa Yanga ushindi. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa kanuni, kwa kuwa hakuna timu inayoweza kuachiwa inufaike na mawe ya mashabiki wake. Hata hivyo wachezaji wa Coastal, waliofika hapo kwa jasho lao, walistahili kumalizia mechi uwanjani.

Fainali ilipigwa Mei 25, 2016, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Tambwe alifunga mapema, akaongeza la pili mara tu baada ya mapumziko. Kavumbagu akaijibia Azam punde, na kwa muda mechi ikawa ya Warundi wawili wanaopigania kombe la nchi ya watu. Deus Kaseke alipofunga la tatu mwishoni, Yanga ya kocha Hans van der Pluijm ikawa bingwa kwa 3-1. Ilikuwa imekwisha kutwaa na ligi, ambako Tambwe alimaliza mfungaji bora kwa mabao 21.

Kwa kuwa Yanga ilikwenda Ligi ya Mabingwa, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika 2017 iliiangukia Azam, iliyotolewa na Mbabane Swallows ya Swaziland. Faida kamili ya kombe jipya ilionekana mwaka mmoja baadaye: Simba iliifunga Mbao 2-1 katika muda wa nyongeza mjini Dodoma, na ushindi huo ukawarudisha Wekundu wa Msimbazi kwenye michuano ya Afrika mwaka 2018.

Fainali ya Dodoma ilianzisha utaratibu bora kuliko yote ya mashindano haya, wa kuitoa fainali Dar es Salaam. Ilichezwa Arusha mwaka 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020. Julai 2021 ilifika Kigoma, kando ya ziwa ambalo Tanzania inachangia na Burundi, na Simba ikaifunga Yanga 1-0 kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika kwa bao la Mganda Taddeo Lwanga.