Kukl: Bendi ya miaka mitatu iliyomtangulia Björk

BENDI ya Kukl ya nchini Aisilandi ilidumu kwa miaka mitatu pekee, tangu 1983 hadi 1986, na kutoa albamu mbili za studio. Hata hivyo, anayetaka kufahamu jinsi kisiwa hicho cha Atlantiki ya Kaskazini kilivyojipatia jina katika muziki wa dunia hana budi kuanzia hapo.

Áfangar, kipindi cha redio kilichopendwa na vijana wa Reykjavík, kilikuwa kikielekea ukingoni. Mtangazaji wake, Ásmundur Jónsson, aliwaalika wanamuziki wa makundi tofauti wapige pamoja siku ya kuaga. Mwimbaji Einar Örn Benediktsson alitoka Purrkur Pillnikk, mpiga gita Guðlaugur Óttarsson na mpiga ngoma Sigtryggur Baldursson wakatoka Þeyr, naye Björk Guðmundsdóttir, msichana wa miaka 17, akatoka Tappi Tíkarrass. Birgir Mogensen alishika besi na Einar Melax kinanda. Kazi hiyo ya siku moja iliwanogea, wakakataa kutawanyika.

Jina lao lina maana ya uchawi, na muziki wenyewe haukuwa wa kumbembelezea mtoto. Mdundo ulibadilika ghafla, gita lilikwaruza, Björk alipaza sauti huku Einar Örn akifoka na kupuliza tarumbeta.

Albamu zao, The Eye (1984) na Holidays in Europe (1986), zilitolewa na Crass Records ya Uingereza, kampuni ya bendi ya Crass iliyopinga serikali na biashara kubwa, na iliyochapisha bei nafuu kwenye majalada ili muuzaji asimpunje mnunuzi. Pato halikuwa la kutajirisha mtu, lakini vijana hao waliona kwamba msanii anaweza kujisimamia.

Kukl ilipovunjika, baadhi yao walianzisha kampuni yao, Smekkleysa, pamoja na bendi ya Sugarcubes. Viongozi Reagan na Gorbachev walipokutana Reykjavík Oktoba 1986, Smekkleysa iliuza kadi za posta za mkutano huo, na fedha hizo zikagharimia muziki. Mwaka wa 1987 kibao cha Birthday kiliwavuma Uingereza. Björk alianza safari yake ya peke yake kwa albamu ya Debut mwaka wa 1993.

Einar Örn naye alichaguliwa diwani wa Reykjavík mwaka wa 2010, kwa tiketi ya chama cha mchekeshaji Jón Gnarr.