Tufe la Besiboli na Mikono Inayolishona

Wenzetu mnaoishi Stockholm bila shaka mnakijua kituo cha treni za chini ya ardhi cha Rissne, katika manispaa ya Sundbyberg, kaskazini-magharibi mwa mji mkuu huo wa Sweden. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1985, na wasanii wawili, Madeleine Dranger na Rolf H. Reimers, walizigeuza kuta zake kuwa kitabu. Zimeandikwa historia ya ulimwengu, kwa maneno na kwa ramani, kuanzia takriban miaka 3,000 kabla ya Kristo hadi mwaka ule ule wa 1985. Abiria anayesubiri treni husoma habari za dola zilizosimama na dola zilizoanguka.

Kuta za namna hiyo huwa na nafasi ya wafalme, vita na mikataba. Vitu vidogo vinavyoenea kiganjani ni nadra kupata hata mstari mmoja. Leo tumekusudia kusimulia habari za kimojawapo, nacho ni tufe la mchezo wa besiboli. Ukilipasua tufe hilo utakuta ndani yake kifo cha kijana mmoja mjini New York, uhaba wa wakati wa vita ulioigusa hata Tanganyika, na jasho la washonaji wa Haiti na Costa Rica ambao mchezo wenyewe si wao.

Tuanzie hapo hapo Stockholm. Ukipanda treni kutoka Rissne kuelekea katikati ya mji, hutakuwa mbali na uwanja wa michezo wa Östermalm. Katika uwanja huo, tarehe 15 Julai 1912, wakati wa Michezo ya Olimpiki, ilichezwa besiboli kwa mara ya kwanza katika historia ya michezo hiyo, ingawa kwa maonyesho tu. Marekani ilikutana na Sweden, iliyowakilishwa na klabu ya mji wa Västerås iliyoanzishwa miaka miwili tu kabla ya hapo. Mwamuzi alikuwa George Wright, bingwa wa zamani wa mchezo huo. Wamarekani, kwa kuwahurumia wenyeji wao, waliwaazima warushaji na wadakaji, lakini hata hivyo walishinda kwa 13 kwa 3. Siku iliyofuata Wamarekani walicheza wao kwa wao, na miongoni mwao alikuwemo Jim Thorpe, aliyekwisha kujinyakulia medali za dhahabu katika riadha.

Tufe la zama hizo kwa macho lilifanana na la leo. Uzito na mzunguko wake havijabadilika tangu mwaka 1872, yaani gramu 142 hadi 149, na mzunguko wa sentimita 23 hivi. Mabadiliko yalikuwa ya ndani. Mwaka mmoja au miwili kabla ya michezo ya Stockholm, watengenezaji wa Marekani walianza kutia katika kiini gamba la ule mti unaotengenezewa vizibo vya chupa, badala ya kutumia mpira mtupu. Tufe likawa jepesi kuruka.

Hapa inafaa tutanabahishe jambo. Lugha yetu ina neno moja, mpira, kwa kitu kinachochezwa na kwa ule utomvu wa mti. Ndiyo maana katika makala haya tunasema tufe, ili mpira ubaki kuwa utomvu. Wala utomvu huo si jambo dogo katika kisa hiki, kama tutakavyoona.

Katika miaka hiyo tufe moja lilitumika mpaka lichakae. Wachezaji walilipaka udongo, mate na maji ya tumbaku, likawa jeusi na laini, na mrushaji hodari aliweza kulifanya lipinde hewani apendavyo. Tarehe 16 Agosti 1920, katika uwanja wa Polo Grounds mjini New York, Carl Mays wa timu ya Yankees alirusha tufe la aina hiyo kuelekea kwa Ray Chapman wa timu ya Cleveland. Chapman hakuonekana hata kujaribu kulikwepa. Lilimpiga kichwani kwa kishindo, hata Mays akadhani limegonga gongo, akaliokota na kulirusha kituo cha kwanza. Chapman alifariki dunia alfajiri ya siku ya pili, akiwa na umri wa miaka 29. Mpaka leo ndiye mchezaji pekee wa ligi kuu ya Marekani aliyekufa kwa kupigwa na tufe lililorushwa na mrushaji.

Hatua ya kuwakataza warushaji kuliharibu tufe kwa mate ilikuwa imekwisha kuchukuliwa mwanzoni mwa msimu huo. Baada ya msiba, waamuzi walisisitiziwa kuliondoa tufe lolote lililochafuka na kutia jipya. Hivyo ndivyo tufe la besiboli lilivyopata umri wake mfupi. Wasikilizaji wetu wanaofuatilia kriketi, mchezo unaojulikana zaidi Nairobi na Dar es Salaam, watashangaa kwa sababu katika mechi kubwa za kriketi tufe moja hurushwa mara 480 kabla ya timu kuwa na haki ya kuomba jipya, na kuchakaa kwake ni sehemu ya mchezo. Katika besiboli ya kulipwa, tufe likigusa ardhi huweza kuondolewa papo hapo. Maisha yake ni mirusho michache tu, na mchezo mmoja humaliza matufe mia moja hivi.

Lakini tufe jipya nalo lina balaa lake. Ngozi yake hung'aa na kuteleza, na tufe linaloteleza mkononi mwa mtu mwenye nguvu ni hatari kwa aliyesimama mbele yake. Mwaka 1938 Lena Blackburne, mwalimu wa timu ya Philadelphia Athletics, alipata dawa katika kijito kimoja kinachoingia mto Delaware, upande wa New Jersey. Dawa yenyewe ilikuwa matope. Matope hayo, yanayochotwa mahali ambapo wenyewe hawapataji, huchujwa, hutiwa katika vikopo na kuuzwa kwa timu zote za ligi kuu. Kabla ya mchezo watumishi wa timu husugua kila tufe kwa vidole vyenye matope na maji kidogo mpaka mng'aro upotee bila ngozi kuchubuka. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliyapima, wakakuta kwamba hutandazika kama mafuta ya uso, na yakikauka huacha mchanga laini unaoupa mkono mshiko. Biashara ya mabilioni ya dola, na bado inategemea matope ya kijito! Mimi binafsi napenda kuamini kwamba hilo lingemfurahisha kila fundi wa kwetu aliyewahi kuambiwa kwamba udongo wake si kitu.

Tulisema tutarudi kwenye utomvu. Mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, na nchi zilizokuwa zikipigana nayo zikakosa sehemu kubwa kabisa ya mpira wao. Marekani ilikataza mpira kutumiwa katika vifaa vya michezo. Msimu wa 1943 ulianza kwa tufe lenye kiini cha utomvu mwingine uitwao balata. Lilikuwa zito kama jiwe kwa mpigaji. Lilipopigwa halikwenda mbali, mashabiki wakanung'unika, na kiini hicho kikabadilishwa baada ya muda mfupi. Uhaba huo huo ulibisha hodi Tanganyika kwa sura isiyokuwa ya mchezo hata kidogo. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifufua mashamba ya mpira yaliyopandwa zama za Wajerumani, na Waafrika wakaandikishwa kwa lazima kwenda kugema.

Vita vilipokwisha, swali likawa ni nani atakayeshona. Ligi ya zamani zaidi ya Marekani ilikuwa ikitumia matufe ya kampuni ya Spalding kwa karibu miaka mia moja, na mengi yalishonwa Chicopee, Massachusetts. Kuanzia mwaka 1977 kazi hiyo ilichukuliwa na kampuni ya Rawlings, nayo ilikuwa ikishonea Haiti. Katika miaka ya 1970 na 1980, chini ya utawala wa Jean-Claude Duvalier, sehemu kubwa ya matufe ya besiboli duniani yalishonwa katika nchi hiyo, na wanawake ambao kwao michezo ni kandanda. Ngozi na nyuzi zilikuja kwa meli, matufe yakarudi kwa meli, na malipo yalihesabiwa kwa dazeni. Duvalier alianguka mwaka 1986, machafuko yakafuata, na mwaka 1990 kampuni hiyo ikawa imehamishia kazi yote Turrialba, Costa Rica, ambako ilikwisha kufungua kiwanda.

Huko Turrialba ndiko linakozaliwa hadi leo kila tufe la ligi kuu ya Marekani. Kiini, chenye gamba la mti ndani ya mpira, huviringishiwa na mashine nyuzi za sufu na pamba zinazozidi mita 300. Ngozi nyeupe ya ng'ombe, iliyochukua nafasi ya ngozi ya farasi mwaka 1974, hutoka Tennessee na hukatwa vipande viwili vyenye umbo la namba nane. Kisha huja kazi ambayo mashine haijaimudu. Mshonaji hulibana tufe mbele yake, hushika sindano mbili na uzi mwekundu uliopakwa nta, na kuvuta mikono yote miwili kwa mpigo, kama mtu anayefungua mabawa, mpaka itimie mishono 108 ya jozi. Tufe moja huchukua kiasi cha robo saa. Wa kwanza na wa mwisho kati ya mishono hiyo hufichwa ndani, hauonekani ulipoanzia wala ulipoishia.

Ufundi huo wa vidole una uzito kuliko inavyodhaniwa. Mshono ukiwa juu kidogo tu, hewa hulishika tufe; ukiwa chini, hupaa. Mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya ligi kununua sehemu ya kampuni ya Rawlings, matufe 6,776 yaliruka uzio, rekodi isiyo na mfano, na wanasayansi walioitwa kuchunguza walitaja kimo cha mshono kuwa miongoni mwa sababu. Hata hewa ya ghala huhesabiwa. Denver, mji ulioinuka juu ya bahari karibu sawa na Nairobi, ulianza mwaka 2002 kuyahifadhi matufe katika chumba chenye unyevu maalumu, na tangu 2022 viwanja vyote 30 hufanya hivyo. Japani nayo, mwaka 2013, mkuu wa ligi Ryozo Kato alijiuzulu baada ya kufichuka kwamba tufe lilibadilishwa kimya kimya.

Afrika Mashariki imeingia katika kisa hiki kwa mlango wa uwanjani. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kucheza fainali za dunia za vijana huko Williamsport, Pennsylvania, lakini wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, timu ya kwanza kutoka Afrika, na waliifunga timu ya jimbo la Oregon 3 kwa 2. Desemba 2018, kwa msaada wa Japani, ulifunguliwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam.

Turrialba kwenyewe bado ni nchi ya kandanda. Mwaka 2014 Costa Rica ilipofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Brazil, nchi nzima ilimiminika barabarani. Msimu wa besiboli Marekani ulikuwa katikati wakati huo, na matufe yalihitajika kama kawaida.