Mfalme Ahazi, Jeshi la Kigeni na Mateka wa Yeriko

Katika mazungumzo yetu ya amani, leo tutazame wafalme wa Israeli ya kale na mataifa jirani.

Tuanze na sheria. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, inamwekea mfalme mipaka. Asijiongezee farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu. Tena ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma siku zote, asije akajikweza juu ya ndugu zake. Maana yake, mfalme naye yuko chini ya sheria.

Sulemani alipokufa, yapata mwaka 930 kabla ya Kristo, mwanawe Rehoboamu alikataa kuwapunguzia raia kazi za nguvu. Makabila kumi yakajitenga. Kaskazini ukawa ufalme wa Israeli, kusini ukabaki ufalme wa Yuda. Watu wa ukoo mmoja, mpaka katikati.

Yapata mwaka 734 kabla ya Kristo, Peka wa Israeli aliungana na Resini, mfalme wa Damasko, wakamshambulia Ahazi wa Yuda. Nabii Isaya alimwambia Ahazi atulie, asiogope. Ahazi hakusikia. Alichukua fedha na dhahabu ya Hekalu, akampelekea Tiglath-pileseri wa Tatu, mfalme wa Ashuru, aje kumwokoa.

Mwashuru alikuja kweli. Mwaka 732 Damasko ilianguka, na watu wa Galilaya na Gileadi wakahamishwa kwa nguvu. Yapata mwaka 722 Samaria nayo ikaanguka. Je, Yuda ilipata raha? Hapana. Ilibaki kulipa kodi, na mwaka 701 jeshi la Ashuru liliingia Yuda na kuteka miji yake yenye ngome. Peka aliita mgeni ampige ndugu yake. Ahazi naye akaita mgeni mkubwa zaidi. Aliyelipa ni raia.

Lakini katika vita hiyohiyo kuna habari ambayo wengi hatuisomi. Iko katika Mambo ya Nyakati ya Pili, sura ya 28. Askari wa Israeli walichukua mateka kutoka Yuda, wanawake na watoto. Kitabu kinaandika watu 200,000. Walipokaribia Samaria, nabii Odedi aliwatokea akawauliza kama wao wenyewe hawana makosa mbele ya Mungu. Kisha wakuu wanne wa kabila la Efraimu wakasimama mbele ya askari wenye silaha, wakakataa mateka wasiingizwe mjini. Sheria ya Walawi, sura ya 25, haikuruhusu kumfanya ndugu kuwa mtumwa.

Askari wakawaacha. Wakuu wale wakawavika waliokuwa uchi, wakawapa viatu, chakula na mafuta, wakawapandisha wanyonge juu ya punda, wakawarudisha kwa ndugu zao huko Yeriko.

Wakubwa wa mitaa, angalieni: wanne wale hawakuwa wafalme. Hawakuweza kuzuia vita nzima. Waliweza kusema hapana mahali pao, na wakasikilizwa. Hata leo, Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza kuwatendea ukatili raia wasioshika silaha, hata wakiwa wa upande wa pili.

Nanyi mliokimbia makwenu, mateka wale hawakuulizwa kwanza kabila gani, wala mfalme wao amekosa nini. Makosa ya Ahazi hayakuwa makosa ya mtoto wa Yuda.

Basi, mkikaa jioni, mjadiliane: katika mtaa wetu, nani atasimama kama wale wanne? Na sisi, siku tutakapomshika mtu wa upande wa pili, tutamvika au tutamvua?