Mwaka wa Kwanza wa Knute Rockne

Watu wengi hupenda kumpima mwalimu mpya kwa hesabu ya mwaka wake wa kwanza. Akishinda, wanamsifu, akishindwa, wanataka aondolewe. Tazameni habari za mwalimu mmoja wa mpira katika nchi ya Marekani.

Katika jimbo la Indiana iko Universite ya Notre Dame, iliyoanzishwa mwaka 1842 na Padri Edward Sorin, Mfaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Mpira unaopendwa huko si huu wetu wa miguu. Una umbo kama la yai. Wachezaji 11 wa kila upande huubeba mikononi, hurushiana na kuangushana chini; anayeufikisha mwisho wa uwanja wa wapinzani huwapatia wenzake pointi 6.

Knute Rockne alizaliwa Voss, katika nchi ya Norwe, mwaka 1888, akaletwa Chicago akiwa mtoto wa miaka mitano. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya posta, kisha mwaka 1910 akaingia Notre Dame, umri wake miaka 22. Alimaliza masomo mwaka 1914, akabaki hapo kufundisha kemia na kumsaidia mwalimu wa mpira, Jesse Harper. Mwaka 1918 Harper aliacha kazi hiyo, akaenda Kansas kutunza shamba la ng'ombe. Rockne akapewa nafasi yake.

Lakini mwaka ule ulikuwa mgumu. Vita vikuu vilikuwa havijakwisha. Vijana wengi walikuwa wamekwenda jeshini, na katika universite wanafunzi walifundishwa uaskari. Tarehe 28 Septemba wachezaji wa Rockne waliwashinda wale wa Case, 26 kwa 6. Halafu ikaja homa ya influenza, ile ile iliyofika hata Kongo mwaka huo na kuwaua watu wengi. Mwezi mzima wa Oktoba hawakucheza hata mara moja.

Tarehe 2 Novemba waliwashinda Wabash, 67 kwa 7. Juma lililofuata walikutana na mabaharia wa kambi ya Great Lakes, kundi la wachezaji hodari waliotoka shule mbalimbali. Wakalingana, 7 kwa 7. Mabaharia hao ndio walioshinda mchezo mkuu wa Pasadena tarehe 1 Januari 1919. Basi kulingana nao haikuwa aibu. Siku mbili baada ya mchezo huo, tarehe 11 Novemba, vita vikakoma. Tarehe 16 Rockne akashindwa na shule ya kilimo ya Michigan, 13 kwa 7. Kisha akawashinda Purdue, 26 kwa 6, na mwisho, tarehe 28, akalingana na Nebraska pasipo pointi yoyote.

Hesabu yenyewe ni hii: michezo 6, kushinda mara 3, kushindwa mara 1, kulingana mara 2. Mwenye haraka angesema, “Huyu hatufai.” Wakubwa wa Notre Dame hawakumwondoa. Na katika kundi lile dogo walikuwamo vijana kama George Gipp na Heartley Anderson, waliokuwa wakijifunza. Mwaka 1919 walicheza michezo 9, wakashinda yote. Mwaka 1920 vile vile, yote 9. Gipp alisifiwa nchi nzima, akafa Desemba 1920 kwa ugonjwa wa koo.

Rockne aliendelea na kazi yake, na mwaka 1925 akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Alikufa katika ajali ya ndege huko Kansas, tarehe 31 Machi 1931. Katika miaka 13 alikuwa ameshinda michezo 105, akashindwa 12 tu.

Mkulima hang'oi mhogo kila juma ili auone kama umekua. Parokiani na shuleni mwetu pia tumpe mwalimu mpya muda, hasa akianza katika mwaka wa taabu.