Ustawi wa jamii na kelele za chuoni

Juma lililopita jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alinisimamisha sokoni akiwa na mafungu ya mchicha mkononi, akanieleza jambo linalomkosesha usingizi. Binti yake yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea ustawi wa jamii, na sasa anagombea uongozi katika serikali ya wanafunzi. "Nimempeleka akajifunze kusaidia watu," akasema, "sikumpeleka akapige kelele. Wewe ulisoma hayo hayo. Hebu zungumza na mwanao." Nikamwomba siku chache. Leo namjibu, nanyi muwe mashahidi.

Nianzie mbali kidogo, Johannesburg, mwaka 1941. Mwaka huo mmisionari Mmarekani, Ray Phillips, alianzisha shule iliyoitwa Jan Hofmeyr, ya kwanza kuwafundisha Waafrika wa Afrika Kusini kazi ya ustawi wa jamii. Ilikuwa shule ndogo, na waliotarajiwa kutoka pale walikuwa maofisa watulivu wa kusimamia vilabu vya vijana na ofisi za misaada. Sasa tazama waliotoka. Joshua Nkomo alirudi kwao Rhodesia, akaajiriwa na shirika la reli kuangalia ustawi wa wafanyakazi, na haikuchukua muda akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wale wale aliopewa kuwatunza. Winnie Madikizela alimaliza mwaka 1955, akawa Mwafrika wa kwanza kuajiriwa kwa kazi hiyo katika hospitali ya Baragwanath. Ni huko, katika kuchunguza vifo vya watoto wachanga wa Alexandra, ndiko macho yalikofunguka, kabla hajaonana na huyo Mandela ambaye watu wengi hudhani ndiye aliyemtia katika siasa.

Wa tatu ni Eduardo Mondlane, na huyu ni wa kwetu pia, maana alifia hapa Dar es Salaam. Alikuwa mchunga mbuzi wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Alifika shule ile mwaka 1948, na mwaka uliofuata akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Chuo hicho kilipokea Waafrika wachache darasani, lakini katika michezo na dansi hawakutakiwa. Mondlane hakujifungia chumbani na vitabu. Aliingia katika shughuli za chama cha wanafunzi cha taifa, NUSAS. Mwaka huo huo wa 1949 serikali ya Malan ikakataa kumwongezea kibali cha kukaa nchini. Wanafunzi wenzake, wengi wao Wazungu, walilalamika kwa nguvu, haikusaidia kitu. Akarudishwa kwao.

Najua jirani yangu atasema, unaona? Ni kweli, masomo yalikatika. Lakini alipofika Lourenço Marques alishiriki kuunda chama cha wanafunzi Waafrika wa sekondari, NESAM, polisi wakamkamata na kumhoji. Katika chama hicho ndimo walimopita baadaye Joaquim Chissano na Armando Guebuza, na wote wawili wakaja kuwa marais wa Msumbiji. Mondlane mwenyewe alikwenda Lisbon, kisha Marekani, akapata shahada ya udaktari, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, na mwaka 1962 akachaguliwa rais wa FRELIMO katika jiji letu hili.

Kwa nini shule ya upole itoe watu wa namna hii? Mimi naijua sababu, na sikuisoma kitabuni. Nikiwa mwanafunzi nilipelekwa mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulikuwa umeanza mwaka 1993, na kazi yangu ilikuwa kuwahoji wasioweza kulipa na kuwajazia fomu ya msamaha. Siku ya tatu nilimhoji mama aliyejifungua, hana hata nauli ya kurudi nyumbani, kitanda hakiachi mpaka alipiwe. Fomu nikarudishiwa. Nilikuwa sikueleza, eti, kwa nini mteja ameshindwa kujipanga. Nikaandika upya. Kufika wiki ya sita daftari langu lilikuwa na majina arobaini na kitu, na kwa kalamu yangu wote walikuwa wameshindwa kujipanga. Usiku mmoja nililisoma lote kwa mfululizo, nikaona aibu.

Niliporudi chuoni niligombea uwakilishi wa bweni, nikashinda kwa kura nne. Tulichopigania hakikuwa cha kutikisa dunia, ni nauli za wanafunzi wanaopelekwa vituo vya mbali. Tulipata nusu. Mtihani mmoja niliushindwa kwa ajili ya vikao, nikaurudia, na hilo sitamficha jirani yangu.

Wala sitamficha kwamba kelele za wanafunzi zina upande mwingine. Mwaka 1963 ilianzishwa hapa jijini Taasisi ya Msumbiji, ya kusomesha vijana wakimbizi, chini ya Janet, mkewe Mondlane. Machi 1968 wanafunzi wake waligeuka. Hawakuwataka walimu Wazungu, wala hawakulitaka sharti la kukatiza masomo wakatumike katika mapambano, na kasisi mmoja, Mateus Gwenjere, alikuwa akiwachochea. Taasisi ikafungwa. Yule kijana aliyenyimwa kibali Johannesburg sasa ndiye aliyekaa upande wa wenye funguo. Kwa walimu, naona vijana walikosea, kwani Mondlane alikuwa mkweli aliposema anapigana na ukoloni na si na rangi. Kuhusu masomo sina hakika kama ningekuwa mmoja wao ningenyamaza. Hakuwa na muda mrefu wa kulirekebisha jambo lile. Tarehe 3 Februari 1969, kifurushi chenye bomu kilimlipukia Oyster Bay.

Sasa, mama, binti tulizungumza jana jioni. Nilimuuliza kama amekwisha kwenda mafunzo kwa vitendo. Akafungua mkoba, akatoa daftari, limejaa mpaka jalada la nyuma. Tulilisoma pamoja hadi taa ikakatika. Nimemwambia asikose mtihani hata mmoja. Uchaguzi wao ni Ijumaa.