Shylock Asomwapo Ikwiriri

Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Jina la Kiingereza lamtaja mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio, Mkristo. Mwalimu akaandika mabepari, tena kwa wingi. Wahakiki wamekwisha kuijadili hatua hiyo kama siasa ya Ujamaa. Mimi hunishughulisha jambo jingine: kwa wasomaji wengi wa Kiswahili, wakiwamo wa huku Ikwiriri, Shylock ndiye Myahudi wa kwanza kukutana naye nje ya vitabu vya dini.

Hadhira ya Shakespeare nayo ilikuwa karibu na hali hiyohiyo. Uingereza iliwafukuza Wayahudi mwaka 1290, na hadi katikati ya karne ya 17 hawakuruhusiwa kurudi. Yeye aliandika mwishoni mwa karne ya 16, kwa watu waliomjua Myahudi kwa masimulizi kuliko kwa ujirani. Huko Venisi kwenyewe, tangu 1516, Wayahudi walitengewa mtaa ambao milango yake ilifungwa usiku. Walizuiwa kazi nyingi, wakaachiwa kukopesha fedha, kisha wakachukiwa kwa kukopesha. Tamthilia yaionyesha chuki hiyo, lakini chimbuko lake hailielezi.

Ndiyo maana mwanafunzi huondoka darasani akidhani riba ni tabia ya taifa fulani la watu. Hapa Ikwiriri na Kibiti, anayenunua korosho kwa kangomba zikiwa bado mtini ni jirani yetu, pengine tunaswali naye safu moja. Na mikopo iitwayo kausha damu (jina ambalo Shakespeare angelipenda) haina dini.

Ipo hukumu ambayo darasa huipita mbio. Wote hushangilia Portia anapomzuia Shylock asikate ratili ya nyama. Wachache hutua pale anapoamriwa, juu ya kupoteza mali, kuiacha dini yake na kuwa Mkristo. Katika pwani hii, ambako wakati wa ukoloni wazazi wengi Waislamu walisita kupeleka watoto shule za misheni wakichelea wangebatizwa, amri hiyo haipaswi kusomwa kama kichekesho. Anayelitaka sharti hilo ni Antonio, bepari mwenziwe, naye analitoa kama huruma.