Sahani za buluu na mikono iliyozipamba

Wakaaji wa Kolwezi wanajua kobalti kama madini ya betri. Zamani ilitafutwa kwa ajili ya rangi yake ya buluu, na Ulaya iliichimba Saxony, Ujerumani. Huko Stoke-on-Trent, Uingereza, karibu mwaka 1784, Josiah Spode alifaulu kuitumia kuchapa picha kwenye sahani. Picha ilichongwa juu ya bamba la shaba, likapakwa rangi, likachapwa kwenye karatasi nyembamba. Karatasi ilibandikwa kwenye sahani, ikaoshwa ikatoka, rangi ikabaki. Ndipo watu wasio matajiri walipopata sahani zinazofanana na zile za China.

Kukata na kubandika karatasi ilikuwa hasa kazi ya wanawake na wasichana. Muhuri wa nyuma, ukiwepo, hutaja kiwanda, si wao. Wakusanyaji huanza na muhuri huo: neno "England" kwa kawaida linaonyesha sahani ilitengenezwa baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890. Lakini mjuzi hutazama pia ukingoni, mahali karatasi mbili zilipokutana vibaya na ua likakatika nusu. Wengine huita hiyo kasoro. Kumbe ndipo mkono wa msichana yule unapoonekana hadi leo.